Muhtasari Mpya Kabisa

Mimi huwa sijisifu. Mume wangu akiisoma sentensi hiyo atacheka mpaka akae chini, kwa hiyo niiweke sawa: huwa najisifu kwa mambo madogo, kama mwandiko wangu na chapati zangu, lakini jambo hili ni kubwa na nitajisifu bila kuomba radhi.

Nina steshenari Mjimwema, hapa Songea, na nimekaa nayo zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi watu wanaingia kutoa kopi na kupiga picha za pasipoti, lakini nilipoanza, kazi ilikuwa moja tu, kuchapa. Barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, kadi za harusi, na zaidi ya yote mihtasari ya vikao vya vijiji. Katibu wa kijiji aliandika kikao kwa kalamu kwenye daftari, akapanda gari kuja mjini, akanikabidhi daftari na kwenda zake sokoni. Akirudi alikuta kurasa zimetoka kwenye mashine, safi, zimebanwa pini. Walikuja kutoka Namtumbo, walikuja mpaka kutoka Nakapanya, njia yote ile, kwa sababu walisikia kuna dada anayechapa bila kukosea.

Nilikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, nachapa kilichoandikwa. Katibu akiandika kwamba mjumbe fulani alisinzia hadi ajenda ya tano, nami nachapa kwamba alisinzia hadi ajenda ya tano. Ya pili, sifuti kitu. Hii ya pili nilifundishwa na aibu. Mwaka wangu wa kwanza katibu mmoja alirudi siku ya tatu na karatasi pamoja na daftari lake, vyote vimelowa mvua njiani, havisomeki hata kidogo, na mimi kwenye kompyuta nilikuwa nimekwisha kufuta ili nipate nafasi. Yule baba hakunigombeza. Aliketi tu kwenye benchi akaanza kuandika upya kwa kukumbuka, na ukimya wake uliniuma kuliko matusi. Tangu siku hiyo kila nilichochapa nimekihifadhi, kwanza kwenye disketi, halafu kwenye CD, halafu kwenye flashi, na mwisho kwenye diski moja kubwa ninayoifungia kabatini kwa kufuli.

Kuhifadhi nilijua. Kupanga sikujua, na hapa naungama. Faili nilizipa majina kwa haraka, mteja amesimama mbele yangu anatazama saa. BARUA. BARUA YA MZEE. BARUA YA MZEE YULE MWINGINE. MUHTASARI, MUHTASARI MPYA, MUHTASARI MPYA KABISA. Maelfu ya faili za namna hiyo. Mtu akija kuomba nakala ya barua yake ya miaka sita iliyopita, nilikuwa nazifungua moja moja kama mtu anayechambua mchele, na mara nyingi nilimwambia arudi kesho huku nikiomba asirudi.

Aliyenitoa huko ni mwalimu mmoja wa kompyuta wa sekondari, mteja wangu wa mitihani. Siku moja alinikuta nafungua faili huku nasonya, akaniuliza kwa nini nafanya kazi ya mashine wakati mashine ipo. Akavuta kiti, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, maandishi meupe tu, akaniambia kuna programu ya bure inayotumika humo ndani, na ina kazi mbili. Kwanza inasoma faili zako zote, neno kwa neno, na kujitengenezea faharasa, kama ile iliyo nyuma ya kitabu, kwamba neno hili liko ukurasa huu na huu. Halafu wewe unaandika amri na neno unalolitaka, unabonyeza enta, nayo inakuambia neno hilo limo katika faili gani na mstari gani. Aliniandikia amri tatu nyuma ya karatasi ya mtihani iliyoharibika, akaondoka kwenda kufundisha.

Nilikuwa na miaka arobaini na saba. Maisha yangu yote kwenye kompyuta nilikuwa nabonyeza picha. Wiki mbili nzima dirisha lile lilinidharau. Naandika amri, linanijibu kwamba folda hiyo haipo. Ipo! Naiona kwa macho yangu! Nilipiga meza mpaka stepla ikaanguka. Mume wangu alikuwa amepita kuniletea chakula, akaniambia kwa upole kabisa kwamba umri nao una mambo yake, niwaachie vijana. Hapo nikakasirika sawasawa, na mimi nikikasirika ndipo ninapojifunza. Nilikuja kugundua kwamba kosa lilikuwa kwenye yale majina yangu ya maneno matatu, maana hata folda nilizipa ya namna hiyo. Dirisha jeusi likiona nafasi kati ya neno na neno linadhani umetaja vitu mbalimbali, kisha linatafuta kila kimoja na hakuna linachokiona. Jina lenye nafasi inabidi ulifunge ndani ya alama za kunukuu. Hakuna aliyenifundisha hilo. Nililisoma mwenyewe kwenye maelezo ya Kiingereza, kamusi mapajani.

Jumamosi moja asubuhi nikaiamuru isome kila kitu. Majina ya faili yakaanza kupanda kwenye kioo moja baada ya jingine, haraka kuliko jicho, na mimi nimekaa nayatazama mpaka mchana. Siku hiyo sikuuza hata kalamu. Ilipomaliza nikaandika neno la kwanza lililonijia, "alisinzia". Jibu lilikuja kabla sijaondoa kidole: faili kumi na moja. Nilicheka peke yangu dukani, halafu nikalia kidogo, halafu nikampigia mume wangu simu nikamwambia aje kuniomba msamaha. Alikuja.

Habari ikasambaa. Watu wakaanza kuja, huyu anataka barua yake ya uhamisho, yule anataka ratiba ya mazishi ya baba yake kwa sababu ndugu wamesahau tarehe. Kioo nilikigeuzia ukutani, maana karatasi za watu ni siri za watu, na kila mmoja nilimtafutia cha kwake tu. Sikuwahi kushindwa. Miaka miwili, sikuwahi kushindwa hata mara moja, na nilianza kutembea mjini kama mtu aliyeongezewa cheo.

Ndipo alipoingia yule mama. Alikuwa kama miaka sitini, mwembamba, ushungi wake mweupe umefuliwa vizuri, ndala zake zina vumbi la safari. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi bila kuegemea.

"Mwanangu," akasema, "wewe ndiye yule uliyekuwa ukichapa karatasi za vijiji?"

"Ndiye mimi, mama."

"Hukuzitupa?"

"Sijatupa hata moja."

"Alhamdulillahi," akasema, na hapo ndipo alipoegemea.

Alitoka kijiji kimoja upande wa Namtumbo. Alikuwa na shamba bondeni, ekari nne za mahindi, alilolifyeka kwa mikono yake wakati mume wake yuko kwenye tumbaku za watu. Halmashauri ya kijiji ilikaa ikampa shamba hilo yeye mwenyewe, na ikaandikwa. Sasa mume amefariki, na wapimaji wa ardhi wamefika kijijini kutoa hati za kimila. Mdogo wa marehemu amesimama akasema shamba lilikuwa la kaka yake, kwa hiyo ni la ukoo, na kama shemeji yake anabisha, alete karatasi yenye jina lake. Daftari la kijiji lilikuwa kwenye kabati la ofisi pamoja na karatasi zilizochapwa, na kabati lile mchwa walilila mpaka rafu ya juu. Mkutano wa kuamua ulikuwa keshokutwa. Asipopata karatasi, msimu ujao atalima kwa hisani ya shemeji yake, siku akimchoka anamtoa.

"Karatasi ilichapwa Songea," akasema. "Nakumbuka, maana katibu alisifu sana. Alisema kuna dada pale, mashine inamtii."

Nani asiyefurahi kusikia hivyo? Nikageuza kiti, nikamwambia apumzike tu, dakika moja haitapita. Nikafungua dirisha jeusi, nikaandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho chake. Enta.

Hakuna.

Nikaandika jina lake la kwanza peke yake. Yakaja majina ya wanawake wengine, wa vijiji vingine. Nikaandika jina la mume: faili tatu, moja ya mchango wa shule na mbili za tumbaku. Nikaandika jina la kijiji, zikashuka faili kibao, nisingemaliza kuzisoma kabla ya keshokutwa. Nikaandika "bondeni", na nikakumbuka kwamba mkoa huu kila mtu ana kitu bondeni. Jasho likaanza kunitoka. Yule mama alikuwa ananitazama mikono, kwa adabu, kama mtu anayemtazama daktari.

"Haimo?" akauliza.

"Imo, mama. Mimi nisingeifuta."

Niliinuka nikaenda kusimama mlangoni. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na mashine, kisha na yule katibu, kisha na mimi mwenyewe. Nikajaribu kukumbuka madaftari yale yalivyokuwa, mwandiko wa kuinamia kulia, waliohudhuria, wasiohudhuria, ajenda. Wanaume waliandikwa majina yao mawili mawili. Na wanawake? Nilisimama pale mlangoni nikajiona msichana mbele ya kibodi, nachapa orodha za wajumbe, Mama wa huyu, Mama wa yule. Kijijini mwanamke akishazaa, jina alilopewa na wazazi wake linawekwa kando. Kumwita hilo mbele za watu ni kumkosea adabu. Makatibu waliandika kwa heshima. Na mimi, kwa sheria yangu, nilichapa kilichoandikwa. Mashine ilikuwa inatafuta jina ambalo kijiji kizima hakikuwahi kulitamka.

Nikarudi mbio. "Mama, kijijini wanakuitaje?"

Akanitajia jina la mwanawe, kijana anayeendesha bodaboda Tunduru. Nikaliandika. Zikaja faili mbili, zote za miaka ya baadaye, kikundi cha akina mama na ujenzi wa zahanati. Shamba hakuna.

"Shamba ulipewa mwaka gani?"

Akanitajia. Nikapiga hesabu. "Na kijana alikuwa amezaliwa?"

Akatikisa kichwa taratibu.

"Basi walikuwa wanakuitaje wakati huo?"

Akafunua ushungi kidogo, akaufunga tena. Mimi ni mtu wa kuulizauliza, kila mtu Mjimwema anajua, lakini swali lile nilipokwisha kulisema nilitamani nilirudishe.

"Nilikuwa na binti," akasema. "Nilikaa miaka minane bila mtoto, ndipo akaja yeye. Watu walianza kuniita jina lake kabla hajatoka arobaini, kwa furaha. Alikaa miaka mitatu, surua ikamchukua. Baada ya hapo hawakuniita tena. Walinionea huruma. Wakawa wananiita mama tu, mpaka alipozaliwa huyu wa pili wakanipa jina jipya. Sijalisikia miaka mingi. Hata mimi silisemi."

Nikamwambia asiseme kama hawezi, nimpe karatasi aandike. Akasema hajui kuandika, na kwamba ataweza kulisema. Akavuta pumzi, akalitamka. Lilikuwa jina fupi, zuri, na alilitamka kama mtu anayemwita mtoto aje ndani.

Nikaliandika, na neno "Mama" mbele yake, nikalifunga vizuri kwa alama za kunukuu. Enta.

Faili moja. MUHTASARI MPYA KABISA, wa pili. Mstari wa sitini na nne. Nikamgeuzia kioo, maana hiki kilikuwa chake, nikamsomea huku kidole kikifuata maneno: kwamba kikao kimeridhia Mama wa binti huyo apewe eneo la bondeni, ekari nne, yeye mwenyewe, kwa kuwa ndiye aliyelifyeka, na kwamba asisumbuliwe.

"Wameandika asisumbuliwe?" akauliza.

"Wameandika hivyo."

"Nisomee tena." Nikasoma tena kuhusu shamba. "Hapana," akasema, "lile jina." Nikamwonyesha lilipo, naye akaweka kidole chake juu ya kioo akakiacha hapo. Nilikuwa na furaha na kiburi kiasi kwamba ningeweza kuimba.

Keshokutwa nilifunga duka nikaenda naye. Karatasi ile haikuwa na sahihi, kompyuta haihifadhi sahihi, na nilijua watauliza. Mkutano ulikuwa kwenye darasa la saba, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Mbele alikaa mwenyekiti wa kijiji na afisa wa ardhi kutoka wilayani, kijana nadhifu mwenye haraka. Akaisoma karatasi, akauliza nani ameichapa.

"Mimi," nikasema, "kutoka kwenye daftari la katibu wa kijiji hiki. Tarehe iko kwenye mashine, nimekuja nayo. Ninachapa kilichoandikwa, siongezi wala sipunguzi. Na sikosei." Hilo la mwisho hakuwa ameliuliza.

Akaitazama laptopu yangu, akaandika kitu. Shemeji mtu akainuka kutoka nyuma, baba mnene wa makamo, kofia kichwani. Hakuwa na sura ya ubaya, na hilo liliniudhi zaidi.

"Mimi sina ugomvi na karatasi," akasema. "Nilisema alete yenye jina lake. Jina lake liko wapi hapo?"

Afisa akatazama tena. "Kweli, hili si jina lake, wala si la mtoto wake ninayemwona kwenye orodha ya kaya." Akalisoma lile jina kwa sauti, Mama wa fulani, mbele ya darasa zima. "Huyu ni nani?"

Nilisikia jinsi darasa lilivyonyamaza. Wanawake wazima waliinamisha vichwa. Walijua, wote walijua, lakini walikuwa wamelificha jina lile miaka ishirini kwa ajili yake, na sasa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitoa mbele yake. Huruma yao ilikuwa inakwenda kumnyang'anya shamba. Nilitaka kusimama nipige kelele, na nadhani nilikuwa nimekwisha kusimama nusu. Yule mama mwenyewe aliketi wima, mikono magotini, anamtazama shemeji yake.

Afisa akamgeukia shemeji mtu. "Wewe ndiye wa ukoo. Unamfahamu mama wa mtoto huyu?"

Angesema hamfahamu, nani angembishia? Yule baba alitazama karatasi, akatazama sakafu. Akavua kofia.

"Mtoto huyo nilimbeba mimi kwenda makaburini," akasema. "Kaka yangu miguu ilimkataa, nikambeba mimi." Akaigeuzageuza kofia mikononi. "Mama yake ni huyu hapa. Andika."

Akaketi. Afisa akaandika, mwenyekiti akagonga muhuri, na shamba la bondeni likawa la mwenyewe kwenye karatasi ya serikali kama lilivyokuwa kwenye ya kwangu. Nilikunja laptopu yangu taratibu ili kila mtu aione.

Tulitoka nje pamoja, yeye amekumbatia hati yake kifuani. Hatukuwa tumefika hata kwenye lango la shule niliposikia bibi mmoja akiita nyuma yetu kwa jina lile la binti, mara ya kwanza kwa woga, mara ya pili kwa sauti kamili. Yule mama alisimama. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka.

"Abee," akaitika, akageuka kumngoja.